Harakati Iliyotafuta Nchi Isiyo na Wenyewe

Huku kwetu Kenya habari ya Uingereza kufikiria, mwaka 1903, kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu husimuliwa kama kichekesho. Mtu akitaka kuchangamsha meza husema kwamba nusura Israeli iwe Eldoret, wenzake hucheka, kisha mazungumzo huhamia kwenye bei ya mahindi. Hata wanaoisimulia kwa makini huipa aya moja au mbili na kuiita Mpango wa Uganda, jina lililokuwa limepitwa na wakati siku ile ile lilipotungwa, kwa kuwa nyanda hizo zilikuwa zimekatwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki tangu Aprili 1902. Nadhani kichekesho hicho kimefunika jambo zito. Kutokana na ardhi hii kulizaliwa tawi zima la harakati za Kizayuni, yaani harakati za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, lenye kiongozi wake, ofisi zake, wafadhili wake na misafara yake ya uchunguzi, likaishi miaka 20 likiizunguka ramani ya dunia kutafuta nchi isiyo na wenyewe. Halikuipata, na namna lilivyoikosa ndiyo inayonishughulisha hapa.

Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyezaliwa Pest mwaka 1860, aliliitisha Kongamano la kwanza la Wazayuni mjini Basel, Uswisi, mwezi Agosti 1897. Wajumbe wapatao 200 walikubaliana kuwatafutia Wayahudi makao katika Palestina yatakayotambuliwa kisheria. Palestina wakati huo ilikuwa chini ya Sultani wa Uturuki, naye Sultani hakuwa na haja ya kuigawa. Herzl alibisha hodi Istanbul, akabisha hodi kwa Kaisari wa Ujerumani, kisha akageukia London, akifuatilia kwanza eneo la El Arish katika Sinai. Mpango wa Sinai ulikwama, maji yakiwa kikwazo kimojawapo. Wakati huo huo, Aprili 1903, ghasia za Pasaka katika mji wa Kishinev, ndani ya dola ya Urusi, ziliwaua Wayahudi 49, zikajeruhi mamia na kubomoa nyumba na maduka yao mchana kweupe. Wayahudi zaidi ya milioni 5 waliishi chini ya dola hiyo. Kwa Herzl jambo halikuwa tena nadharia ya kujadiliwa kongamanoni. Alihitaji mahali pa kuwahamishia watu, na alipahitaji upesi.

Mahali hapo palitajwa na Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1902, akielekea Afrika Kusini, alikuwa amepita Mombasa na kupanda treni ya reli mpya, akaziona nyanda za juu zenye baridi na majani mabichi, akaona zinawafaa watu wa Ulaya. Reli hiyo iliyofika Kisumu mwaka 1901 iliigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na gharama hiyo ingerudi tu ikiwa wangepatikana watu wa kulima na kusafirisha mazao. Hapo haja mbili zilikutana: ya waliokimbia kuuawa, na ya serikali iliyotafuta abiria na mizigo. Kamishna wa himaya, Sir Charles Eliot, ndiye aliyependekeza nyanda za Uasin Gishu, na barua rasmi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya tarehe 14 Agosti 1903 ikaeleza kwamba serikali ilikuwa tayari kufikiria koloni la Kiyahudi lenye utawala wake wa ndani chini ya ofisa Myahudi. Rasimu ya mkataba uliopelekwa serikalini iliandaliwa na kampuni ya mawakili ya David Lloyd George. Naomba msomaji aliweke akilini jina hilo, pamoja na la Arthur Balfour aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, maana tutayakuta tena.

Siku chache baada ya barua hiyo, Kongamano la sita lilikaa Basel. Inasimuliwa kwamba ramani ya Palestina iliyozoeleka ukutani iliondolewa na ya Afrika Mashariki ikatundikwa mahali pake, na kwamba ukumbi ulishtuka hata kabla hotuba haijaanza. Herzl hakusema kwamba Afrika itachukua nafasi ya Sayuni. Msaidizi wake Max Nordau aliiita nyumba ya kulala kwa usiku mmoja, na azimio lenyewe lilikuwa dogo sana, yaani kutuma tume ikaitazame nchi. Lilipita kwa kura 295 dhidi ya 178, wengine wakijizuia kupiga kura. Hata hivyo wajumbe wengi wa Urusi walitoka ukumbini, baadhi yao wakikaa chini na kulia kama watu waliofiwa, na miongoni mwa waliokataa walikuwamo wajumbe wa Kishinev kwenyewe. Waliokuwa na damu mbichi mlangoni ndio waliosema hawataki kimbilio lolote isipokuwa Palestina. Hili limenifikirisha sana, kwa sababu huonyesha kwamba Uzayuni haukuwa tu mpango wa kuokoa maisha. Ulikuwa pia dai la nasaba na la dini kwa nchi moja maalumu, na aliyeutazama kama shughuli ya wakimbizi peke yake hakuuelewa. Desemba mwaka huo kijana mmoja alimfyatulia risasi Nordau mjini Paris, akamkosa. Herzl mwenyewe alikufa Julai 1904, akiwa na umri wa miaka 44.

Huku kwetu, kelele zilizosikika London zilikuwa za walowezi wa Kizungu. Lord Delamere aliandika kupinga, mikutano ikafanyika Nairobi, na maneno yaliyotumika dhidi ya Wayahudi yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakiwafukuza kutoka Urusi. Walowezi hao walikuwa wachache mno, wengi wao wakiwa na miaka michache tu nchini, lakini walizungumza kama warithi. Wenye nchi hawakuulizwa na upande wowote. Katika kumbukumbu za kidiplomasia Uasin Gishu ni nyanda zisizokaliwa, na aliyepita juu juu angeweza kudhani hivyo. Mashimo ya Sirikwa, mabaki ya boma za wafugaji wa kale, yametapakaa kila mahali. Wamaasai wa Uasin Gishu walivunjwa nguvu katika vita vya karne ya 19, na waliobaki wakatawanyika. Lakini ardhi isiyo na nyumba si ardhi isiyo na watu. Wanandi walichunga huko, Wakeiyo na Wamarakwet walipanda na kushuka ukingoni mwake, na mfugaji huacha malisho yapumzike kwa makusudi. Ofisa wa kikoloni aliyeona majani marefu na kutoona moshi aliandika kwamba hapana mtu, kisha maandishi yake yakasafiri hadi Basel yakiwa ukweli.

Tume ilifika Mombasa Januari 1905. Ilikuwa na watu watatu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, msafiri mvumbuzi Mwingereza aliyeizoea Afrika. Alfred Kaiser, Mswisi aliyesilimu. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi, ambaye dada yake Manya alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa walowezi wa Kiyahudi huko Palestina. Walipanda treni hadi Nakuru, wakachukua wapagazi na kupanda milima. Walizunguka wiki chache tu katika eneo lililokadiriwa kuwa maili 5,000 za mraba, kila mmoja akirudi na nchi yake aliyoiona. Gibbons aliamini kwamba idadi ya kiasi ya walowezi wenye mtaji wangeweza kustawi. Kaiser alikuwa na shaka, na Wilbusch hakuona chochote cha kuwafaa maelfu. Mimi simshangai Wilbusch, kwa kuwa moyo wake ulikuwa Palestina kabla hajapanda meli, na mtu wa namna hiyo ukimtuma kukagua nyumba nyingine atahesabu nyufa. Ripoti ilichapishwa mwaka huo huo, na Kongamano la saba, lililofungwa mapema Agosti 1905, likaikataa zawadi ya Uingereza na kuamua kwamba Uzayuni haungeshughulika na nchi nyingine isipokuwa Palestina na jirani zake.

Hapo ndipo Israel Zangwill alipotoka. Alizaliwa London mwaka 1864, mtoto wa wahamiaji kutoka dola ya Urusi, akapata umaarufu kwa riwaya zake kuhusu maisha ya Wayahudi maskini wa mashariki ya jiji hilo. Alikuwa mtu wa ulimi mkali, mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, na mzungumzaji aliyejaza kumbi. Akiwa na wenzake waliokataa uamuzi huo aliunda Shirika la Eneo la Wayahudi, lililojulikana kwa ufupisho wake ITO, lenye shabaha ya kupata eneo lenye mamlaka ya ndani kwa ajili ya Wayahudi wasioweza, au wasiotaka, kuendelea kukaa katika nchi walizomo. Eneo lolote lingefaa. Daktari wa macho Max Mandelstamm wa Kiev, mmoja wa wazee wa harakati nchini Urusi, alijiunga naye, na vilevile mwanahabari Lucien Wolf wa London, ambaye hakuwa Mzayuni hata kidogo. Jambo la kwanza ambalo ITO ililitaka ni kuifufua Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa imechoshwa na makelele ya Nairobi, haikukubali.

Zangwill ananivutia kwa sababu alilisema wazi jambo ambalo wengi wa wenzake walilikwepa. Mwaka 1901 alikuwa ameandika kwamba Palestina ni nchi isiyo na watu na Wayahudi ni watu wasio na nchi, maneno yaliyokuwa yakizunguka tangu zamani miongoni mwa Wakristo wa Uingereza. Kufikia mwaka 1905 alikuwa amezitazama hesabu. Katika hotuba aliyoitoa Manchester alikiri kwamba wilaya ya Yerusalemu ilikuwa na watu 52 kwa kila maili ya mraba, na kwamba Wayahudi hawakufika robo yao. Akaongeza kwamba anayeitaka nchi hiyo ajiandae ama kuwatoa wenyeji kwa upanga kama walivyofanya mababu, ama kuishi na tatizo la umma mkubwa wa kigeni, wengi wao Waislamu. Ni ukweli mchungu, na aliyeusema hakuwa adui wa harakati. Ungedhani kwamba mtu aliyefika hapo angejiuliza swali hilo hilo kuhusu kila ardhi nyingine. Hakujiuliza. Alihitimisha kwamba Palestina ina watu, hivyo itafutwe isiyo na watu, na Afrika ikawa mahali pa kwanza pa kutazamia.

Mwaka 1908 ITO ilituma wataalamu Cyrenaica, mashariki ya Libya ya leo, ambayo ilikuwa chini ya Waturuki. Aliyeongoza kazi ya kisayansi alikuwa John Walter Gregory, mwanajiolojia ambaye mwaka 1893 alitembea hadi Baringo na Mlima Kenya, na ambaye jina lake limebandikwa kwenye Bonde la Ufa upande wetu wa mashariki. Alirudi na jibu la mtu wa miamba: chokaa ya nyanda hizo inavuja, mvua inayonyesha huzama chini, na maji yaliyobaki hayatoshi umati wa wakulima. ITO ikaifunga faili. Kwamba nchi hiyo ilikuwa na makabila ya Waarabu wafugaji, na zawiya, yaani vituo vya ibada na elimu, za tarika ya Sanusi zilizowaunganisha kwa dini na biashara, lilikuwa jambo la kuzingatiwa tu kama hali ya usalama. Miaka 3 baadaye Waitalia waliivamia Libya, na watu hao waliodhaniwa wachache walipigana nao kwa miaka 20.

Kazi pekee ya ITO iliyoleta watu halisi mahali halisi haikuhitaji nchi mpya. Tajiri wa New York, Jacob Schiff, alikuwa na wasiwasi kwamba Wayahudi wote wanaoshuka Marekani wanasongamana katika mitaa ile ile ya mji wake, akaahidi dola 500,000 ili wapelekwe kwingine. Bandari iliyochaguliwa ilikuwa Galveston, Texas. Ofisi za ITO nchini Urusi, zikiongozwa kutoka Kiev na David Jochelman, ziliwatafuta vijana wenye ufundi, zikawaeleza safari ilivyo, zikawapeleka hadi Bremen. Meli ya kwanza ilitia nanga Galveston tarehe 1 Julai 1907, na rabi Henry Cohen wa mji huo akawa anakwenda bandarini kuwapokea waliofika. Kutoka hapo walipandishwa treni kwenda Kansas City, Omaha, Minneapolis na miji mingine mingi ambako fundi cherehani, seremala au mhunzi alikuwa amekwisha kutafutiwa kazi.

Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Safari ya baharini ilikuwa ndefu kuliko ile ya New York, maofisa wa uhamiaji wa Galveston walikuwa wepesi wa kuwarudisha watu, na wengi hawakutaka kwenda mahali ambapo hawana ndugu wala sinagogi lililokwisha simama. Hata hivyo kufikia mwaka 1914, ulipofungwa, watu wapatao 10,000 walikuwa wamepita. Kwangu mimi hii ndiyo sura ya harakati inayostahili heshima bila masharti. Watu waliookolewa waliishi chini ya sheria walizozikuta, wakiwa majirani wa waliokuwepo. Zangwill mwenyewe, nadhani, aliiona kama kazi ya pembeni, kwa kuwa hakukuwa na bendera ndani yake. Wanaharakati wengi, wa kila taifa, wana udhaifu huo wa kudharau kile wanachokifanya vizuri.

Huku Galveston ikiendelea, ITO iliigeukia Angola. Bunge la jamhuri changa ya Ureno lilipitisha mwaka 1912 muswada wa kuwaruhusu Wayahudi kupewa ardhi katika nyanda za Benguela, Gregory akatumwa tena, safari hii akiwa na daktari Charles Martin, na safari hii akaipenda nchi: hewa nzuri, mito, udongo wa kulimika. Tatizo likawa Lisbon. Wareno walitaka walowezi wawe raia wa Ureno, wala hawakuwa tayari kutoa mamlaka ya ndani ambayo ndiyo ilikuwa roho ya ITO. Mazungumzo yalivutana mpaka vita vya 1914 vikayazika. Katika habari zote hizo za hewa na udongo, Waovimbundu, wenyeji wa nyanda hizo, wanatajwa kama nguvu kazi, ingawa miaka 10 tu kabla ya muswada huo walikuwa wamewainukia Wareno katika vita vya Bailundo.

Uasin Gishu haikubaki ikisubiri. Oktoba 1905, chini ya miezi mitatu baada ya Basel kuikataa, ofisa Richard Meinertzhagen alimwita Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi aliyeongoza upinzani dhidi ya reli na utawala, kwenye mkutano wa amani, akampiga risasi. Wanandi wakasukumiwa kwenye hifadhi. Mwaka 1908 Makaburu wa Afrika Kusini walipanda na magari yao ya ng'ombe kupitia Nakuru, njia ile ile ya tume, wakagawiwa mashamba, na kwenye shamba namba 64 ukaota mji wa Eldoret, ambao wazee bado huuita Sisibo. Meinertzhagen tunamkuta tena mwaka 1919, akiwa ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza huko Palestina, tena mtetezi mkali wa Uzayuni. Sidai kwamba matukio hayo mawili yamefungwa kwa kamba moja. Lakini dola ilikuwa ile ile, na watumishi wake walihama na mazoea yao.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wakubwa. Tarehe 2 Novemba 1917, Balfour, sasa akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitia saini barua ya kuunga mkono makao ya taifa la Kiyahudi katika Palestina, chini ya Waziri Mkuu Lloyd George, aliyekuwa wakili wa ule mkataba wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mpango wetu ulikuwa kituko kisicho na matokeo. Ulikuwa miongoni mwa mara za kwanza kwa dola kubwa kukaa mezani na Wazayuni kama watu wa kuandikiana nao mkataba, na kwa pande hizo mbili kujadiliana juu ya ardhi ambayo wenyeji wake hawakuwepo mezani. Yaliyoandikwa mwaka 1903 kuhusu utawala wa ndani na ugawaji wa ardhi yalikuwa mazoezi ya kalamu ambayo haikutupwa.

Barua ya Balfour iliiondolea ITO sababu ya kuwepo, na Zangwill mwanzoni aliipokea kwa furaha. Hapo ndipo alipofika mahali pabaya kuliko pote. Yeye aliyekiri kwamba Palestina ina wenyewe sasa alipendekeza kwamba Waarabu washawishiwe kuhama, waende katika nchi nyingine za Kiarabu, ili nchi ifanane na ile sentensi ya 1901. Viongozi wa Kizayuni walimkana hadharani, wengine kwa dhati na wengine kwa tahadhari. Baadaye alikata tamaa na Uingereza pia, na katika hotuba yake ya Oktoba 1923 mjini New York alitangaza kwamba Uzayuni wa kisiasa umekufa, akawaudhi karibu wote waliomwalika. ITO ilivunjwa mwaka 1925, naye akafa mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1930 wengine waliiokota fikra yake wakiongozwa na Isaac Steinberg, aliyewahi kuwa kamishna wa sheria katika serikali ya Lenin, wakaiomba Australia sehemu ya Kimberley. Australia ilikataa mwaka 1944, na huko nako nyanda zilizoitwa tupu zilikuwa za wenyeji wa asili.

Mwezi ule ule wa Oktoba 1923 ambao Zangwill alitoa hotuba yake New York, utawala wa Kenya uliwazuia Wanandi kufanya sherehe ya kukabidhiana uongozi wa rika, ukihofia kwamba ingegeuka uasi baada ya kodi kupandishwa na ardhi kuendelea kumegwa, na ukamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Mwaka uliofuata reli ilifika Eldoret kuchukua ngano na mahindi ya walowezi. Barsirian aliwekwa kizuizini hadi mwaka 1964.